Watani wa ng'ambo mbili: siku nane Ufaransa

Siku ya kwanza, Jumanne. Paris

Mpwa wangu alinipokea kituo cha Gare du Nord saa tatu asubuhi. "Shikamoo mjomba. Twende ukapumzike kwanza?" Nikamwambia mapumziko nitayakuta Kilwa. Nauli hii niliikusanya miaka minne, na likizo ya mwalimu haina siku za kulala mchana.

Nafundisha historia Kilwa Masoko. Kila mwaka tukifika kwenye mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, hawa Wafaransa na Wamarekani ni marafiki au maadui?" Nimejibu mara nyingi na sijawahi kuridhika na jibu langu. Ndiyo maana nimekuja.

Tukaanzia uwanja wa Place de la Concorde, kwenye jengo nambari 4. Pana bamba ukutani ambalo wapita njia hawalitazami. Humo ndani, tarehe 6 Februari 1778, wajumbe wa Marekani Benjamin Franklin, Silas Deane na Arthur Lee walitia saini mikataba miwili na serikali ya Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, mmoja wa biashara na mwingine wa kusaidiana vitani. Mfalme aliyetawala peke yake akawashika mkono watu waliomwasi mfalme wao! Lakini Ufaransa ilikuwa na kidonda. Katika vita vilivyokwisha 1763 Uingereza iliinyang'anya Kanada, na sasa ilipatikana nafasi ya kulipiza.

Kisasi hicho kilikula zaidi ya livre bilioni 1, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, nyingi zikiwa za kukopa. Hazina ikakauka, mfalme akalazimika kuwaita wawakilishi wa nchi mwaka 1789 ili kutafuta kodi mpya, na kilichofuata kila mwanafunzi wangu anakijua. Nilichokuwa sijakijua ni umbali. Louis alikatwa kichwa Januari 1793 kwenye uwanja huuhuu. Kutoka kwenye lile bamba hadi katikati ya uwanja ni mwendo wa dakika chache. Nilikwenda na kurudi mara mbili, mpwa wangu akinisubiri kwa subira.

Jioni tukavuka mto hadi nambari 56 mtaa wa Jacob, ulikosainiwa mkataba wa amani kati ya Marekani na Uingereza tarehe 3 Septemba 1783. Hapa ndipo mwenye kutafuta urafiki mtupu anapojikwaa. Novemba 1782 Wamarekani walikubaliana na Waingereza masharti ya awali bila kumwambia Vergennes, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, ilhali nchi yake ndiyo iliyowalipia vita. Vergennes akalalamika. Franklin akamwandikia barua ya unyenyekevu, akikiri kwamba adabu ilipungua. Baada ya hapo Marekani ikapata mkopo mwingine wa livre milioni 6. Niliisoma habari hii miaka ya nyuma nikaiona kama ujanja tu. Leo, nimesimama mbele ya mlango wenyewe, nikaona pia kwamba Vergennes hakuwa na njia. Aliyekwisha kutoa kiasi kile hawezi kumwachia mdeni wake aanguke.

Siku ya pili. Picpus

Makaburi ya Picpus yamefichwa nyuma ya ukuta na kanisa dogo, mashariki mwa Paris. Tulisubiri nje hadi saa nane mchana, mlango ulipofunguliwa. Ndani ni bustani ndefu yenye kimya, na mwisho wake kuna mashimo mawili walimozikwa watu 1,306 waliochinjwa kwa gilotini ndani ya wiki sita tu za mwaka 1794. Miongoni mwao ni bibi, mama na dada wa mke wa Lafayette, Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani. Kwa sababu hiyo mke alitaka kuzikwa hapa, na Lafayette akalazwa kando yake mwaka 1834.

Kaburi ni bamba pana la kawaida. Juu yake inapepea bendera ya Marekani. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali popote katika safari hii.

Lafayette alivuka bahari mwaka 1777 akiwa na miaka 19, akajeruhiwa mguu vitani Brandywine, na George Washington, mkuu wa jeshi la Marekani, akampenda kama mwana. Mwanawe wa kiume Lafayette alimwita Georges Washington. Baada ya vita alimwandikia Washington akimshauri washirikiane kuwapa watumwa uhuru. Washington alisifu wazo, utekelezaji akauacha kwa mwenzake. Lafayette alipozuru Marekani kwa mara ya mwisho, 1824 na 1825, alichota udongo wa Bunker Hill akaja nao nyumbani, na udongo huo ndio aliofukiwa nao. Kwa hiyo mzee amelala Paris chini ya ardhi ya Massachusetts.

Tarehe 4 Julai 1917, majeshi ya Marekani yalipoanza kuingia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi chao kiliandamana hadi hapa. Kanali Charles Stanton alisimama kaburini akasema, "Lafayette, tumefika." Miaka 140 ilikuwa imepita tangu kijana yule aondoke kwao. Deni halikuwa limesahaulika.

Hapo ndipo neno nililokuwa nalitafuta likanijia, na lilitoka nyumbani. Kwetu kusini, Wangoni walipigana na makabila mengi, na wengi wa waliopigana nao leo ni watani wao. Mtani anaruhusiwa kukutukana usoni, kukunyang'anya kuku, kukucheka mbele ya wakwe. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Nilimwambia mpwa wangu, "Hawa si marafiki wala maadui. Hawa ni watani." Akacheka. Kisha akasema, "Mjomba, utani una masharti. Mwingine akiwa tajiri na mwingine fukara, utani unakuwa dharau." Nimeliandika neno lake hapa ili nilipime siku zilizobaki.

Siku ya tatu. Rochefort na La Rochelle

Treni ya alfajiri kutoka Montparnasse. Nilikuwa na hamu kubwa kuliko mtoto wa siku ya Idi, kwa sababu Rochefort ndiko ilikotoka Hermione, merikebu iliyompeleka Lafayette mara ya pili, Machi 1780. Alibeba habari kwamba mfalme anatuma jeshi chini ya Jenerali Rochambeau. Wafaransa waliunda merikebu mfano wake kuanzia 1997, kwa mbao, wakaisafirisha hadi Marekani mwaka 2015.

Gati lilikuwa tupu. Mbao zake zilikutwa zimeliwa na kuvu, na mwaka 2021 merikebu ilipelekwa kusini karibu na Bayonne kutengenezwa. Mpwa wangu aliona haya kwa kutoulizia kabla. Nikamwambia asijali, mimi ni mtu wa Kilwa, najua chombo cha mbao ni mgonjwa wa kudumu. Kwetu jahazi hupandishwa pwani, likapakwa chokaa na shahamu chini, na mafuta ya papa, yale tuyaitayo sifa, juu. Ukiliacha maji yakatulia ndani, umelizika. Nikakaa ukingoni nikatazama lile shimo la mawe ambamo merikebu ilijengwa, kisha tukatembea ndani ya Corderie Royale, karakana ya kamba za meli yenye urefu wa mita 374. Ilibidi iwe ndefu hivyo kwa sababu kamba ya merikebu husokotwa ikiwa imenyoshwa yote.

Bila merikebu kama hizo hakuna Marekani. Septemba 1781 meli za Admirali de Grasse ziliziba mdomo wa ghuba ya Chesapeake, Waingereza wakakosa njia ya kutokea Yorktown, na tarehe 19 Oktoba wakasalimu amri. Ukihesabu wanajeshi wa nchi kavu pamoja na mabaharia, Wafaransa waliokuwepo walikuwa wengi kuliko Wamarekani.

Mchana La Rochelle, dakika chache kwa treni. Kuna makumbusho ya Ulimwengu Mpya ndani ya nyumba ya familia ya Fleuriau, waliotajirika kwa mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, Haiti ya leo. Dari za nakshi, vyombo vya kaure, na nyuma ya vyote hivyo watu wetu.

Nasema watu wetu kwa makusudi. Mwaka 1776, mwaka ambao Wamarekani waliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Wamarekani nao walitufikia baadaye kwa nguo, ile merikani iliyofumwa Massachusetts, ambayo hadi leo inabeba jina lao vinywani mwa bibi zetu. Walifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833; Wafaransa wakafuata 1844. Wanafunzi wangu hudhani habari za mataifa haya ni za mbali. Siyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani tunayaona kutoka ng'ambo ya mlango bahari.

Nimeketi kwenye treni ya Nantes naandika sehemu iliyo chungu zaidi ya usuhuba huu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoingia vitani na Uingereza, Marekani haikushika silaha kumsaidia mwenzake. Mwaka 1794 ikafunga mkataba na Uingereza. Wafaransa wakaghadhibika, wakaanza kukamata meli za Marekani, mamia yake. Wajumbe walipokuja Paris mwaka 1797 kusuluhisha, mawakala wa waziri Talleyrand wakadai kwanza chai, nono kwelikweli, ndipo mazungumzo yaanze. Kuanzia 1798 hadi 1800 nchi hizi mbili zilipigana baharini bila kutangaza vita, hadi zilipopatana Mortefontaine, kaskazini mwa Paris.

Kisha 1803. Watumwa wa Saint-Domingue walikuwa wamelivunja jeshi la Napoleon, homa ya manjano ikammalizia, na Napoleon akaona hana haja tena na Louisiana, koloni lake la Amerika Kaskazini. Akaiuzia Marekani eneo lenye ukubwa zaidi ya mara mbili ya Tanzania kwa faranga milioni 80, yaani dola milioni 15. Katika hizo, faranga milioni 20 zilitengwa kuwalipa wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuwa wakiidai Ufaransa, wengi kwa ajili ya meli zilizokamatwa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini waliovunja nguvu za Napoleon, wale Waafrika wa Haiti, hawakuvuna kitu. Marekani ilikataa kuitambua nchi yao hadi 1862, na Ufaransa ikawatoza fidia kuanzia 1825 kwa kosa la kujikomboa.

Siku ya nne. Saint-Nazaire

Tumekodi gari Nantes. Upepo wa bahari, mawingu mazito. Ufukweni kuna mnara wa askari aliyesimama juu ya mgongo wa tai. Ni ukumbusho wa tarehe 26 Juni 1917, siku walipotua hapa askari wa kwanza wa Marekani. Wajerumani waliubomoa katika vita vya pili, ukajengwa upya 1989.

Nilikuja kwa ajili ya askari wengine, waliofika Januari 1918 na hapo mnarani hawana sura. Regimenti ya 369 ilikuwa ya Wamarekani weusi kutoka New York. Jeshi lao halikutaka wapigane bega kwa bega na weupe, likawaleta hapa Saint-Nazaire kubeba mawe na kutandika reli. Wafaransa, waliokuwa wamepungukiwa na watu, wakawaomba. Jeshi la Marekani likawakabidhi, wakavalishwa kofia za chuma za Kifaransa na kupewa bunduki za Kifaransa. Walikaa mstari wa mbele siku 191. Henry Johnson, mchukuzi wa mizigo wa kituo cha treni, alipigana peke yake usiku wa Mei 1918 dhidi ya kundi la Wajerumani, mpaka akabaki na kisu, akamwokoa mwenzake asitekwe. Ufaransa ilimpa nishani ya Croix de guerre mwaka huohuo. Nishani kuu ya nchi yake ilimfikia 2015, akiwa kaburini.

Ningependa kuishia hapo na kuisifu Ufaransa, lakini nimetembea La Rochelle jana. Agosti 1918, ofisi ya Kifaransa iliyokuwa kiungo na jeshi la Marekani ilitoa waraka wa siri ukiwaonya maofisa wa Ufaransa wasile na maofisa weusi wa Marekani, wala wasiwasifu mno mbele ya weupe, ili mshirika asiudhike. Mwaka 1944 hali ilijirudia: makamanda wa Marekani na Uingereza walitaka divisheni ya Kifaransa itakayoingia Paris iwe ya weupe, na askari Waafrika wakaondolewa kwenye safu za Leclerc, jenerali wa Kifaransa aliyeiongoza. Watani hawa, wanapotaka kupatana haraka, mara nyingi hupatana juu ya mgongo wa mtu mweusi. Sikupata usingizi mwema usiku huu.

Siku ya tano

Mvua kutwa, barabara ndefu kwenda kaskazini, magoti yananiuma. Mpwa wangu ameendesha bila kulalamika. Tumekula mkate na jibini ndani ya gari.

Siku ya sita. Saint-Lô

Mji huu ulipigwa mabomu na ndege za Marekani na Uingereza jioni ya tarehe 6 Juni 1944 na usiku wa kuamkia tarehe 7, ili Wajerumani wasipitishe vikosi. Wakazi walikuwa majumbani. Mapigano ya Julai yakamalizia kilichobaki. Katika Normandie nzima, raia wapatao 20,000 waliuawa kiangazi kile. Kanisa la Notre-Dame limeachwa na jeraha lake wazi: uso wake ulioanguka haukujengwa upya, umezibwa kwa ukuta wa mawe ya kijani yasiyo na nakshi yoyote.

Mwenye nyumba tuliyopanga chumba ni bibi aliyepita miaka 85. Nilimwambia mpwa wangu amtafsirie shikamoo. Akahangaika, mwishowe akamwinamia tu, na bibi akafurahi. Baada ya chakula alisimulia jinsi mama yake alivyombeba kwenye toroli hadi shambani kwa jamaa, na mji ukiwaka nyuma yao. "Tuliwasubiri watukomboe miaka minne," alisema. "Walipokuja, tulianza kuwakimbia wao." Nikamuuliza kama aliwachukia. Akafikiri. Akasema mama yake aliwalilia wafu wake, na wiki hiyohiyo akawafulia nguo vijana wa Kimarekani waliopiga kambi shambani, kwa kuwa nao walikuwa wana wa watu. Mpaka leo kila Juni anatundika bendera mbili dirishani.

Sikuwa na la kuongeza. Nilimsaidia kuondoa vyombo.

Siku ya saba. Bayeux na Colleville-sur-Mer

Asubuhi Bayeux, alikohutubia Charles de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa walioendelea kupigana na Wajerumani, tarehe 14 Juni 1944. Rais Roosevelt hakumwamini hata kidogo. Wamarekani walikuwa wameandaa maofisa wa kuitawala Ufaransa kijeshi, na walishachapa kwao noti za faranga za kutumika huku. De Gaulle aliziita noti bandia. Akaingia Bayeux, akateua mtawala wake, na watu wakamtii. Mwokozi na mwokolewa walikuwa wakigombea funguo hata kabla mwizi hajatoka nyumbani. Naomba wasomaji wasimwone mzee huyu kuwa hana shukrani. Sisi tuliotawaliwa tunaijua vizuri tofauti ya kusaidiwa na kuwekwa chini ya ulinzi.

Mchana tukafika makaburini. Makaburi zaidi ya 9,300, misalaba myeupe na nyota za Daudi kati yake, juu ya mwamba unaotazama ufuko wa Omaha. Ardhi hii Ufaransa iliitoa kwa Marekani itumike daima, bila kodi. Mawe yote yameelekea magharibi, upande wa kwao. Mtumishi mmoja alikuwa na ndoo ya mchanga wa ufukweni. Aliusugua kwenye maandishi ya msalaba mmoja ili jina lionekane kwa familia iliyokuja kupiga picha, kisha akausafisha kwa sifongo. Alifanya hivyo taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Nilikuwa natafuta makaburi matatu, nikayapata: Mary Barlow, Mary Bankston, Dolores Browne. Walikuwa wa kikosi cha 6888, wanawake 855, karibu wote weusi, waliotumwa Ulaya kufungua malimbikizo ya barua ambazo askari hawakuzipata. Walianzia Birmingham, wakahamia Rouen, na huko ajali ya gari ya Julai 1945 ikawachukua hawa watatu. Jeshi lililowatenga wakiwa hai limewalaza pamoja na wenzao. Nikasoma Fatiha kwa nia ya kuwarehemu binadamu, Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka 1966 de Gaulle, sasa akiwa rais wa Ufaransa, alimwandikia Rais Johnson wa Marekani kwamba Ufaransa inajitoa kwenye uongozi wa pamoja wa majeshi ya NATO, na wanajeshi wa kigeni waondoke. Wakapewa mwaka mmoja. Husimuliwa kwamba waziri wa Marekani, Dean Rusk, alimuuliza: agizo lako linawahusu pia waliozikwa? Na kwamba de Gaulle hakujibu. Nimelifikiria swali hilo nikiwa nimekaa kwenye nyasi kati ya safu, mpwa wangu kimya kando yangu. Lilikuwa neno la mtani anayejua pa kuchoma. Wafu walibaki, nyasi zao zinakatwa mpaka leo.

Siku ya nane. Paris

Kabla ya kuondoka tumepita Porte Dauphine. Jengo lililokuwa makao makuu ya NATO hadi 1967 sasa ni chuo kikuu, na vijana walikuwa wakitoka darasani na mikoba yao. Ufaransa ilirudi kwenye uongozi ule wa kijeshi mwaka 2009. Kabla ya hapo, 2003, ilikuwa imeipinga Marekani waziwazi kuhusu Iraki, mpaka mgahawa wa wabunge wa Washington ukabadili jina la chipsi ili lisitaje Ufaransa. Na 2021, Australia ilipovunja mkataba wa nyambizi za Kifaransa ikachukua mpango wa Marekani na Uingereza, Paris ilimwita nyumbani balozi wake wa Washington kwa mashauriano. Hilo halikuwahi kutokea tangu Franklin. Baada ya majuma machache balozi akarudi kazini.

Kituo cha mwisho kilikuwa kisiwa chembamba cha Île aux Cygnes, katikati ya Seine. Kila mtu anaijua sanamu ya Uhuru ya New York, aliyoichonga Bartholdi, Eiffel akaitengenezea mifupa ya chuma, watu wa kawaida wa Ufaransa wakaichangia, na Wamarekani wakachangia jukwaa lake, ikazinduliwa 1886. Hii ya hapa ni ndogo, mita 11 na nusu, zawadi ya Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris, ya mwaka 1889. Mwanzoni ilitazama mashariki. Mwaka 1937 wakaigeuza ielekee magharibi, upande aliko dada yake.

Macho yangu hayafiki mbali siku hizi. Mpwa wangu akavuta picha kwa simu mpaka kile kibao mkononi mwa sanamu kikasomeka. Kina tarehe mbili, 4 Julai 1776 na 14 Julai 1789, na katikati yake pamechongwa alama ya hesabu: sawasawa.

"Mjomba, hesabu imetimia?" akaniuliza.

Nikamwomba anitumie ile picha. Nikaipeleka kwenye kundi la wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na chini yake nikaandika swali la kujibu kabla sijarudi: mwaka huohuo wa 1776, Kilwa kulisainiwa nini?